Sura ya Sita: Gari Lisiloijua Baiskeli

Anayekodi Prado kwa ajili ya arusi ya Jumamosi mjini Gitega analipia muonekano, na hilo ni haki yake. Gari limeoshwa, limefungwa utepe, linatembea taratibu katika msafara hadi ukumbini, na jioni linarudishwa kwa mwenyewe. Sura hii ni ya mwingine, yule anayetaka kukaa na gari miezi sita, mwaka, pengine miwili. Ni mkuu wa mradi mwenye ofisi Gitega na kazi zilizotawanyika Karuzi na Muyinga. Ni mfanyabiashara anayefuata mzigo wake mpakani Kobero kila wiki. Ni familia iliyorudi kutoka Ubelgiji au Kanada, ambako ilizoea kuchukua gari kwa mkataba wa miaka mitatu, kulipa kila mwezi, kisha kulirudisha na kuchukua jingine.

Tangu Gitega itangazwe kuwa makao makuu ya kisiasa, mwishoni mwa 2018, safari ya takribani kilomita 100 kati yake na Bujumbura imekuwa sehemu ya kazi ya maofisa wengi, na gari kubwa la kukodi limekuwa biashara ya kueleweka. Wateja wanataka Land Cruiser, wanataka Prado ambayo wengi hapa huiita TX, wanataka Lexus, Mercedes, Harrier. Na siku hizi mwenye gari ana neno jipya la kupandishia bei.

“Hajji, hili mbona ghali kuliko lile la pale?”

“Mwanangu, hili lina akili. Lina rada, lina kamera, linafunga breki lenyewe. Lile la pale ni chuma tu.”

Hajji hasemi uongo. Rada ipo, kamera ipo. Swali ambalo mteja hulisahau ni kama gari hilo linaiona barabara ya huku, na kama halioni, kwa nini alilipie macho yake.

Tuanze na hesabu ya kodi, maana hapo mgeni kutoka Ulaya au Marekani huteleza mapema. Kule, anayekodi gari jipya kwa miezi 36 hulipia thamani inayopotea. Tuseme gari lina bei ya dola 60,000, na kampuni inakadiria kwamba baada ya miaka mitatu litauzika kwa dola 33,000. Tofauti ni dola 27,000, sawa na dola 750 kwa mwezi, kisha inaongezwa riba na ushuru. Ndiyo maana mkataba wa Marekani huweka mpaka wa maili, mara nyingi kati ya 10,000 na 15,000 kwa mwaka: ukizidisha, umekula thamani ambayo hukuilipia.

Gitega hesabu hiyo haisimami. Gari linafika likiwa limeshatumika Japani miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya thamani yake imeshabaki huko. Likishalipiwa ushuru na kuvuka Kobero, dola zikiwa adimu na magari ya kuingia yakiwa machache, Prado iliyotunzwa inaweza kukaa mwaka mzima bila kushuka bei kwa faranga, hata ikapanda. Kwa hiyo mwenye gari akikwambia kodi ni kubwa kwa sababu gari linashuka thamani, mwombe aanze hesabu upya. Unachokilipia kwake ni vitu vingine, na vyote ni vya haki: dola alizozitafuta kwa shida ili alinunue, pyesi, yaani vipuri, zisizopatikana karibu, na hofu yake ya kulikabidhi gari kwenye barabara yenye malori na baiskeli. Ukijua hivyo unajua pia pa kujadiliana. Punguza hofu yake na pyesi zake, na bei itashuka.

Kenya ilipoanza kukodi magari ya polisi mwaka 2013 badala ya kuyanunua, suala lilikuwa hilohilo la nani abebe pyesi: matengenezo yabaki kwa mwenye mali, na serikali isiendelee kurundika magari mabovu vituoni. Na Waislamu wa Muyinga na wa mitaa ya Gitega wana kanuni ya zamani kuliko hiyo. Katika ijara, mwenye mali anabeba gharama ya kukifanya kitu kibaki kile alichokikodisha, na mpangaji anabeba gharama za kukitumia. Injini ikifa bila kosa lako, si yako. Tairi likitobolewa na msumari, ni lako. Sijaona msingi bora wa kuandikia mkataba wa gari, uwe Mwislamu au la, na nitaurudia tutakapofika kwenye kioo cha mbele.

Sasa macho yenyewe.

Magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam kwa ajili yetu yametengenezwa kwa soko la Japani, usukani kulia, kwa watu wanaoendesha upande wa kushoto. Burundi tunaendesha upande wa kulia. Rwanda, wanaoendesha upande huohuo, walizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Hapa yaliendelea kuingia. Kila dereva wa njia ya Muyinga anajua maana yake. Ukiwa nyuma ya lori refu, unakaa upande wa mtaro, na ili uone kama mbele ni salama inakubidi utoe karibu gari zima katikati ya barabara. Ndiyo maana shofa mzoefu humuuliza abiria wa kushoto: “Kuko wazi?” Hakuna kifaa ndani ya Lexus kinachojibu swali hilo. Kamera ya mbele imekaa katikati ya kioo, na inachokitazama ni matako ya lori kama unavyoyatazama wewe.

Taa nazo zimeumbwa kwa upande mwingine. Taa za gari la Japani, zikishushwa, huinua mwanga kidogo upande wa kushoto ili zimulike ukingo wa barabara ya kwao. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Utaona magari yanayokuja yakikupigia taa usiku kucha, nawe umeshazishusha na hujui kosa lako. Gari la kifahari lenye taa kali za kisasa huumiza zaidi kuliko Corolla kuukuu. Kabla ya kuulizia rada, uliza kama taa zimebadilishwa au zimerekebishwa kwa ajili ya upande wetu. Hili ni bure kuliuliza, na kwa safari za usiku lina uzito kuliko nusu ya vifaa vingine vyote.

Kisha kuna baiskeli, na hapa naomba msomaji asiruke.

Toyota ilianza kuweka mfumo wake wa usalama, Toyota Safety Sense, mwaka 2015. Katika magari makubwa ulikuwa na rada nyuma ya nembo ya mbele na kamera juu ya kioo. Rada hupima umbali na mwendo wa kilicho mbele, kamera hukitambua ni nini, na vikikubaliana kwamba mtagongana, gari linapiga kelele, kisha linafunga breki. Mfumo wa kizazi cha kwanza ulifundishwa kutambua magari, na ule wa rada na kamera ukafundishwa pia kutambua watu wanaotembea, zaidi mchana. Baiskeli haikuwemo. Baiskeli iliingia katika kizazi cha pili, mwaka 2018, na bado kwa mchana tu. Kizazi hichohicho ndicho kilichoongezewa uwezo wa kumtambua mtembea kwa miguu usiku.

Soma tena tarehe hizo ukiwa umesimama ukingoni mwa barabara ya Karuzi. Land Cruiser ya 2016 yenye rada na kamera, inayokodishwa kwa bei ya juu kwa sababu ina akili, haikufundishwa kuijua baiskeli. Na baiskeli ndiyo gari la nchi hii. Inabeba mkaa, ndizi, majani, madumu ya mafuta ya mawese, magodoro, wagonjwa, watoto wa shule. Kwenye miinuko ya kuelekea Bugarama vijana hushika nyuma ya malori yanayopanda ili wasichoke, na wakirudi chini na ndizi zao wanashuka kwa kasi inayoshindana na magari. Hata gari la kizazi cha pili lina mipaka ambayo watengenezaji wenyewe wameiandika katika kitabu cha gari: mtu aliyebeba mzigo mkubwa, au baiskeli iliyofunikwa na mzigo hadi umbo lake likapotea, huenda visitambuliwe. Mama aliyejitwika furushi la kuni na kijana aliyefunga mikungu sita ya ndizi hawafanani na picha ambazo kompyuta hiyo ilionyeshwa.

Sisemi mfumo huu haufai. Gari lililo mbele yako likisimama ghafla na wewe umegeuza macho sekunde mbili, breki hiyo inaweza kukuokoa, na Umoja wa Ulaya ulikuwa na sababu ya kuilazimisha katika magari yote mapya kuanzia Julai 2024. Ninachosema ni kwamba aliyepewa gari hilo bila kuambiwa mipaka yake yuko katika hatari kuliko aliye na Corolla isiyo na chochote, kwa sababu wa Corolla hajaachia mguu wake ukadhani kuna mwingine anayemsaidia kutazama.

Kisaidizi cha kubaki katika njia nakipitia haraka. Kinasoma mistari iliyochorwa barabarani. Penye mistari mizuri kinafanya kazi; penye mistari iliyofutika kinazima, na hupati hasara. Kero yake ni pale mistari inapoonekana nusu: unakwepa shimo bila kuwasha indiketa, usukani unakuvuta kidogo kukurudisha shimoni. Kizime kwa kitufe. Kidhibiti mwendo kinachofuata gari la mbele ni raha kwenye barabara kuu za Ulaya. Kwenye mteremko mrefu na kona kama za Bugarama, ukungu ukiwa umeshuka, watengenezaji wenyewe wanakukataza kukitumia. Usikilipie hata faranga moja ya ziada.

Kuna kimoja ambacho ningekilipia kwa moyo mkunjufu, nacho ni rada za pembeni zilizofichwa ndani ya bampa la nyuma, zile zinazowasha taa ndogo kwenye kioo cha ubavuni gari linapokuja usipoliona. Dereva wa usukani wa kulia anayeendesha upande wa kulia amekaa mbali na ubavu wa kushoto, na huo ndio ubavu anaopitiwa na wenye haraka. Taa hiyo inafanya kazi hivyohivyo kulia na kushoto, na haihitaji mistari, ingawa nayo haikuundwa kuiona baiskeli. Kamera za kuzunguka gari nazo zina maana kwenye soko la Muyinga siku ya mnada, watoto wakipita nyuma ya gari lenye kimo cha mtu. Na kabla ya hayo yote kuna vile vya zamani ambavyo hakuna anayevitangaza tena: ABS, iliyoingia katika Mercedes S-Class mwaka 1978, na mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ulioanza kwa Mercedes mwaka 1995. Hivyo viwili, pamoja na tairi zenye meno, ndivyo vinavyokutoa salama kwenye kona yenye tope jekundu baada ya mvua ya Aprili. Fungua swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya ABS na ya gari linaloteleza lazima ziwake, kisha zizimike baada ya kuwasha injini. Ikibaki inawaka, mfumo una ugonjwa. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameificha, na mazungumzo ya kodi yaishie hapo.

Magari ya Japani yana ugumu mwingine: yanazungumza Kijapani. Wengi wameshazoea ile sauti ya kike inayotoa taarifa asubuhi kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, na tunacheka. Lakini maandishi ya tahadhari nayo yako katika lugha hiyo, na ujumbe unaosema kwamba rada imezibwa au kamera haioni huonekana sawa na ujumbe wa kwamba mlango haujafungwa. Piga picha kila ujumbe unaojitokeza, uutafsiri kwa simu, umwonyeshe mwenye gari siku hiyohiyo.

Na mara nyingi rada imezibwa kweli. Wenye magari wanapenda kuweka ngao ya chuma mbele ili gari lionekane la mkubwa. Wengine, nembo ikivunjika, hununua nembo ya bandia yenye umbo lilelile. Rada inapita ndani ya nembo ya asili kwa sababu ilitengenezwa kwa plastiki na unene maalumu. Ya bandia inaweza kuipotosha au kuizuia. Kamera nayo inatazama kupitia sehemu ndogo ya kioo, nyuma ya kioo cha ndani cha dereva. Karatasi ya bima au ya ukaguzi ikibandikwa hapo, imefumbwa.

Kioo cha mbele ndicho kitakachokupeleka mahakamani, hivyo nakiandikia kwa kirefu. Kwenye barabara ya malori, kokoto kukirukia kioo ni jambo la kawaida. Zamani kioo kilikuwa kioo: fundi anakata mpira, anaweka kingine, mnakunywa chai. Gari lenye kamera halimalizi hapo. Kioo kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe upya: gari linawekwa kwenye sakafu iliyonyooka, mbele yake linasimamishwa bango lenye michoro kwa umbali uliopimwa, na kompyuta ya fundi inaiambia kamera mbele ni wapi. Aina nyingine hupimwa kwa kuendeshwa kwa mwendo fulani kwenye barabara yenye mistari inayoonekana. Kamera iliyokaa kombo hata kidogo inaweza kuliona gari la njia ya jirani kama liko mbele yako. Kwa hiyo uliza swali moja kabla ya kusaini: kioo hiki ni cha kiwandani, au kilibadilishwa, na kama kilibadilishwa ni garaji gani iliyoipima kamera? Jibu likiwa kimya, lihesabu gari hilo kuwa halina kamera, na ulipe kodi ya gari lisilo na kamera.

Halafu andikeni. Kwa ninavyousoma ule msingi wa ijara, kioo kilichopasuliwa na kokoto ni cha mpangaji, kwa sababu kilipasuka katika matumizi. Lakini kuipima kamera iliyokuwa imeharibika kabla hujalichukua gari ni kwa mwenyewe. Bila karatasi inayosema kilikuwa kizima au kibovu siku ya makabidhiano, utalipia vyote viwili. Rada za bampa vivyo hivyo: bampa lililokwaruzwa kwenye nguzo ya lango linaweza kuwa na rada iliyogeuka nyuma yake. Piga picha za kila upande, na dashibodi injini ikiwaka, pande zote mbili zikiwepo.

Pesa nazo ziandikwe kwa faranga, au kwa dola na bei ya kubadilishia itajwe kwa namba. Mei 2023 bei rasmi ya dola iliruka kutoka kiasi cha faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800, na bei ya mtaani ikaenda mbali kuliko hapo. Mkataba uliosema “dola kwa bei ya siku” bila kusema bei ya nani uliwagombanisha watu waliokuwa marafiki. Mafuta pia. Kwa nchi ambayo imepitia miaka ya foleni ndefu vituoni, kifungu cha mafuta kinahitaji kusema ni nani anayeyatafuta, na siku ambazo gari limesimama bila mafuta zinahesabiwaje. Lexus LX 570 ina injini ya petroli ya lita 5.7 yenye silinda nane; ukiipenda, penda na foleni yake. Land Cruiser ya dizeli inakwenda mbali zaidi kwa tangi moja, na kwa anayeishi Gitega na kufanya kazi Muyinga hilo lina thamani kuliko kiti cha ngozi kinachopoa. Ukipanga kuvuka Kobero kwenda Ngara, hakikisha bima ina Kadi ya Njano ya COMESA, na mkataba una ruhusa ya mwenyewe ya kulitoa gari nchini.

Limebaki la shofa. Magari mengi ya kifahari hapa hukodishwa pamoja na mtu wake, na mkataba humtaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni kipuri. Yeye ndiye anayeijua baiskeli. Anajua kwamba kijana mwenye ndizi atayumba akipigiwa honi karibu, kwamba mama mwenye kuni ataangalia upande mmoja tu kabla ya kuvuka, kwamba baada ya kona fulani kabla ya Karuzi hukaa watoto wanaouza maembe. Mtu huyo akiwa amepata usingizi wa saa nne tu, maarifa hayo yote hayapo garini. Tajiri akimaliza mkutano Muyinga saa kumi na moja jioni, humwambia, “Twende, tulale nyumbani.” Saa kumi na mbili na nusu giza limeingia, baiskeli hazina taa, na kamera ya 2016 haioni kitu.

Basi katika mkataba wako weka mwisho wa saa za kuendesha, saa kumi na mbili jioni, na weka pesa ya chumba na chakula cha shofa kwa kila usiku wa Muyinga, ilipwe mkononi mwake kabla ya safari, isipitie kwa mwenye gari.